Usipande hilo jiwe kesho, chimba udongo kwanza

Hapana mkuu, kesho usikwee. Nenda ukaangalie tu, na viatu vya kukwea viache nyumbani usije ukashawishika.

Umeandika umeona kwenye picha za setilaiti mawe ambayo hakuna mkweaji aliyeyataja, saa moja tu kutoka mjini, msituni chini ya miti, ni jiwe la mchanga, mvua ya siku mbili imekatika jana usiku, leo jua limewaka, kesho asubuhi unaenda. Halafu unauliza godoro la kutulia, lile la kuangukia, linatosha moja au mawili, na njia zingine za kupata mawe yaliyosahaulika. Nilipofika hapo kwenye "leo jua limewaka" nikaacha nilichokuwa nafanya nikaja kuandika.

Maana mimi nilifanya hivyohivyo. Wiki tatu nzima natafuta, kila usiku niko kwenye ramani naangalia pale mistari ya kontua, ile ya kuonyesha mwinuko, inaposongamana, nafungua picha iliyopigwa jua likiwa chini ili nione kivuli kirefu, mpaka nikapata ukuta kama wa mita nne hivi umeinama mbele, umejificha nyuma ya miti, safi, hata alama ya chaki ya mikono ya wakweaji hauna. Nikauliza kwenye grupu moja la wakweaji, nikasema kabisa kwamba mvua ilinyesha juzi, ni sawa nikienda? Jamaa mmoja ambaye kila mtu pale anamwita mzoefu akanijibu, "ukigusa pakavu, panda." Basi. Hakuniuliza ni jiwe la aina gani, hakuniuliza liko kivulini au juani, hakuniuliza kitu.

Nikagusa, pakavu. Nikapaka chaki, mkono ukashika vizuri kabisa. Katikati ya ukuta kulikuwa na kibapa, yaani bamba la jiwe lililojitokeza, kinene kama vidole viwili, ndicho kilichokuwa kinaunganisha chini na juu, bila hicho hakuna njia. Nikakivuta kwa mkono wa kulia, na nilikuwa nasubiri nisikie mlio kama kitavunjika, maana ndivyo wanavyosema, utasikia. Sikusikia. Kiling'oka kimya, kama sabuni iliyolala kwenye maji, nikaenda nacho mpaka chini nikiwa bado nimekishika. Kisigino cha kushoto kikatua nje ya godoro kwenye mzizi. Mfupa ukapasuka, wiki 10 za magongo.

Lakini subiri nikwambie nilichokiona pale chini kabla maumivu hayajaanza. Kile kipande kwa nje kilikuwa na rangi ya mchanga mkavu. Pale kilipokatikia kilikuwa cheusi, kimelowa, nikipitisha kidole gumba punje zinabaki kwenye ngozi. Ukavu wenyewe ulikuwa ganda tu, ndani bado kuna mvua ya juzi.

Yule jamaa nilipomrudia akasema "kila jiwe na bahati yake." Bahati gani? Jiwe la mchanga ni punje zilizogandishwa pamoja, na kinachozigandisha inaweza kuwa madini ya silika, inaweza kuwa chokaa, inaweza kuwa udongo wa mfinyanzi, na maji yakiingia kwenye vile vitundu hasa penye mfinyanzi gundi inalegea. Kuna aina zinazopoteza nusu ya nguvu zake au zaidi zikilowa. Jua na upepo vinakausha uso kwanza, ndani baadaye sana. Pale Red Rock, eneo la kukwea jiwe la mchanga karibu na Las Vegas, jangwani kabisa, upepo mkavu, wakweaji wanaambiwa wasubiri kati ya saa 24 na 72 baada ya mvua, na ikinyesha nyingi, wasubiri zaidi ya hapo. Sasa wewe ukuta wako uko msituni chini ya miti na unataka uende baada ya saa 36!

Na kisigino kilipona. Kile kibapa hakitarudi. Nimerudi pale mara mbili, pana kovu jeupe kama sahani, na hakuna mtu atakayepita tena ile njia. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Kwa hiyo chimba. Usiguse ukuta, chimba udongo ulio chini yake, pale pasipofikiwa na jua, kwa kijiti au kwa mkono, uende chini kama sentimita 10 au 15. Chukua udongo wa kule chini ufinye. Ukishikamana kama donge, au ukiacha ubaridi kwenye kiganja, rudi nyumbani. Ukipukutika kama vumbi, chimba upande wa pili wa jiwe pia, maana upande mmoja unaweza kukudanganya. Mimi sa hivi hata begi sifungui kabla sijachimba sehemu mbili, na nimesharudi bure mara nyingi tu na sijutii hata moja.

Ingekuwa graniti nisingekupigia kelele hivi, ile hainyonyi maji sana, inakauka upesi, japo hapo nako vibapa vipya unavigonga kwa kiganja kwanza, vikitoa mlio wa mtungi mtupu unaviacha. Na kama hizo picha zako zinaonyesha machimbo ya zamani uwe makini zaidi, baruti inaacha nyufa zinazoingia ndani sana hata kama kwa nje ukuta unaonekana mzima. Pia muulize mwenye eneo kabla hujaingia.

Hayo mawe yamekaa hapo miaka mingi bila kuguswa, siku tatu nne hayakimbii. Kesho ukifika chimba, upige picha udongo ukiwa kwenye kiganja, uiweke hapa, nitakuwepo asubuhi yote naangalia.