Sanamaki Ilinitoa Maji, Si Mafuta

Miaka michache iliyopita nilinunua Kariakoo paketi ya chai ya kupunguza tumbo, na baada ya siku nne mizani ikaonyesha kwamba nimepungua kilo mbili na nusu. Nilifurahi mno, ingawa usiku nilikuwa mtu wa kwenda msalani na misuli ya miguu ilikuwa ikinikaza. Shangazi yangu, aliyekulia Tanga katika dawa za majani, aliimwaga paketi ile kwenye sinia, akaokota majani membamba yaliyochongoka, akayanusa. "Mwanangu, hii si sanamaki? Sisi tulipewa tukifunga choo."

Alikuwa sahihi. Viambata vya sanamaki, viitwavyo senosaidi, hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati ambapo sehemu kubwa ya chakula imekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kwa hiyo kinachotoka ni maji pamoja na madini kama potasiamu. Nilipoacha kuinywa, kilo zote zilirudi ndani ya wiki moja.

Sisemi haya kwa kuidharau mimea. Metfomini, dawa ya kisukari ambayo pia hupunguza uzito kidogo, chimbuko lake ni mmea wa Galega officinalis, lakini kiambata cha mmea huo, galegini, kilikuwa na sumu mno, ikabidi wakemia watengeneze dawa za jamii yake maabara, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metfomini mwaka 1957. Hata chai ya kijani, ambayo kikombe chake hakina neno, hubadilika inapokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge: mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitahadharisha kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, iliyo kuu kati ya katekini (kemikali za asili za majani ya chai), kutoka kwenye virutubisho huweza kuhusishwa na dalili za mwanzo za ini kudhurika.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, uliza jina la kila mmea uliomo na kiasi chake; muuzaji akikujibu kwamba ni siri ya kampuni, rudisha paketi mezani. Ukiwa unatumia dawa za presha au za kisukari, mwonyeshe daktari wako paketi yenyewe. Mimi siku hizi mizani siiamini peke yake. Ninapima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla sijanywa chai yoyote.