Njia Inakula Mzigo: Makosa ya Ugavi Yanayolimaliza Jeshi

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, Lindi na Mtwara zilitengana na Dar es Salaam. Aliyetaka kufika kwa lami ilimbidi azunguke Masasi, Tunduru, Songea na Njombe, zaidi ya mara mbili ya safari ya kawaida. Malori yalipanga foleni huku na huku ya maji. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja. Aliyeiona foleni ile ana nusu ya somo hili mkononi. Nusu ya pili ni hesabu, na tunawaandikia vijana wanaosomea ugavi wa jeshi, pamoja na wote wanaofuatilia vita na kuishia kuhesabu vifaru.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuipima njia kwa kilomita tu, bila kuuliza njia yenyewe inakula kiasi gani. Mpagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 alibeba kichwani kama kilo 27. Mpe kilo moja ya chakula kwa siku. Safari ya siku tano kwenda na tano kurudi inakula kilo 10. Kilo 17 zinafika. Njia ikiwa ya siku kumi, zinafika 7. Ikiwa ya siku 14, mzigo wote haumtoshi hata yeye mwenyewe kwenda na kurudi. Ndiyo sababu Waingereza waliandikisha wapagazi kwa malaki, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likabaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Kwetu sisi, hao ndio wa kutajwa kwanza popote ugavi unapofundishwa, kabla ya jenerali yeyote.

Mahiwa, mkoani Lindi, ni darasa la aina yake. Kuanzia 15 hadi 18 Oktoba 1917 Wajerumani chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao wakiwa askari Waafrika, waliwazuia Waingereza waliotokea Lindi. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, Wajerumani kama 500. Ukiangalia uwanja wa mapigano, huo ni ushindi. Ukiangalia ghala, ni kufilisika: hao 500 hawakuwa na wa kuwarithi, na risasi zilizopigwa siku zile nne hazikuwa na meli ya kuzirudishia. Meli ya mwisho kuwafikia, Marie, ilitia nanga Sudi Machi 1916, mwaka mmoja na nusu nyuma. Mwezi mmoja tu baada ya Mahiwa, 25 Novemba, walivuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, ng'ambo ya Mtambaswala ambako leo kuna Daraja la Umoja, ili wapate silaha, risasi na chakula. Kwa hiyo kabla ya kuamuru shambulio andika mambo mawili kwenye karatasi moja: shambulio litakula tani ngapi za risasi, na tani hizo zitarudi ghalani siku gani. Jibu la pili likikosekana, shambulio hilo bado halijapangwa.

Lori halijaifuta hesabu ya mpagazi, limeikuza tu. Chukua mfano wa kikosi kinachokula tani 400 kwa siku, na malori ya tani 10. Hizo ni safari 40 kila siku. Barabara ni ya vumbi, mwendo ni wastani wa kilomita 25 kwa saa, kupakia na kupakua kunachukua saa 4, na dereva asizidishe saa kumi kwa siku. Ghala likiwa umbali wa kilomita 75, kwenda na kurudi ni saa 10 pamoja na kupakua, hivyo malori 40 yanatosha. Likiwa kilomita 150 safari inakuwa ya saa 16, dereva lazima alale, na unahitaji malori 80. Kilomita 300 ni siku tatu, malori 120. Sasa ongeza yaliyolala gereji. Kwenye barabara mbovu weka robo ya malori yote, kwa hiyo 120 yanayotembea ni 160 unayomiliki. Kila lori likinywa lita 45 kwa kilomita 100, safari 40 za kilomita 600 zinakula lita 10,800 za dizeli kila siku, kabla kifaru hata kimoja hakijawasha injini. Na kifaru hakinywi kidogo: tangi la Abrams, kifaru cha Marekani, lina karibu lita 1,900.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kulipiga ghala kunaweza kuzidi kuupiga mstari wa mbele. Ukraine ilipoanza kutumia HIMARS Juni 2022, mitambo ya Marekani ya kurushia roketi zinazofika zaidi ya kilomita 70, maghala makubwa ya makombora ya Urusi yaliyokuwa karibu na reli yaliteketea. Ilibidi yatawanywe na kusogezwa nyuma. Jeshi lililozoea kushusha mzigo wake kwenye behewa likajikuta linahitaji malori mengi zaidi kwa mzigo uleule. Ushauri wetu: mahali pamoja pasilale akiba inayozidi matumizi ya siku tatu, mafuta na makombora yakae mbalimbali, na malori yaitwe kwa zamu kutoka maficho, yasijipange getini yakisubiri. Foleni inaonekana kutoka angani kuliko ghala lenyewe. Kilomita kumi hadi ishirini za mwisho, ambako droni zinawinda hata pikipiki, haziendeki kwa lori la tani 10. Panga mizigo midogo, usiku, na ukubali kwamba kiasi kitakachofika kitapungua.

Makombora ya mizinga huwadanganya wengi kwa sababu huhesabiwa kwa idadi. Yapime kwa uzito. Kombora moja la milimita 155 lina kilo zipatazo 45, bado baruti yake ya kusukumia na vifungashio, hivyo lori la tani 10 linabeba chini ya 200. Mizinga sita ikipiga makombora 100 kila mmoja kwa siku, ni malori matatu na zaidi kila siku, kwa mizinga sita tu. Maji nayo husahaulika. Kwenye joto kama letu la pwani, weka si chini ya lita 5 za kunywa kwa kila askari. Batalioni ya watu 600 ni tani 3 kwa siku, bila kupika wala kuwasafisha majeruhi.

Daraja moja ni mtego. Majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka Novemba 1978 yakidhani yameufunga mto Kagera. Tanzania ilijenga vivuko vingine na Aprili 1979 ikaingia Kampala. Mvunjaji alikosea kudhani mto ni ukuta. Upande wa pili wa kosa hilohilo ulionekana Kherson, kusini mwa Ukraine: daraja la Antonivka lilipigwa tena na tena kuanzia Julai 2022, vivuko vya muda havikutosha kuwalisha Warusi waliokuwa ukingo wa magharibi wa mto Dnipro, na Novemba walirudi nyuma. Kila daraja lililo kwenye mpango wako liwe na kivuko mbadala kilichokwisha kupimwa: kina cha maji, udongo wa kingo zote mbili, uzito wa gari zito kuliko yote. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni upimwe masika, si Agosti.

Mipango ya vita fupi ndiyo huzaa sehemu kubwa ya haya. Urusi iliingia Ukraine 24 Februari 2022 kutoka kaskazini, mashariki na kusini kwa mpigo, na kila mkono ulidai malori, mafuta na ulinzi wake wa barabara. Miji ya Chernihiv na Sumy haikuanguka, reli zake hazikupatikana, na msafara uliokwama kaskazini mwa Kyiv ulifika urefu wa kama kilomita 64. Magari yaliyoko katikati ya msafara kama huo hayawezi kugeuza wala kupitwa na lori la mafuta. Acha nafasi ya kutosha kati ya magari, na gari bovu lisukumwe pembeni papo hapo hata kama limebeba mzigo wa thamani.

Yapo pia makosa ya gereji. Tairi lililosimama juani miezi sita laweza kupasuka ubavuni siku ya kwanza ya safari ndefu, na kosa ni la aliyesaini kwamba gari lilikaguliwa. Kila lori litembezwe walau mara moja kwa mwezi, si kuwashwa tu. Filta za hewa na dizeli zitangulie kwenye orodha ya spea, kwa maana vumbi huua injini kabla ya adui. Upakiaji nao una kanuni yake: kinachohitajika kwanza kinapakiwa mwisho, na orodha ibandikwe nje ya kontena. Katika vita ya Ghuba ya 1991 Marekani ilipeleka makontena kama 40,000, na zaidi ya nusu yalilazimika kufunguliwa ili ijulikane yana nini.

Taarifa za uongo zinazopanda juu ni hatari kuliko yote tuliyotaja kuhusu gereji. Usikubali taarifa inayosema "magari 50 yapo". Uliza mangapi yamewashwa leo asubuhi, mangapi yana dereva, mangapi yana mafuta ya kwenda na kurudi. Na usikivunje kikosi vipande viwili visivyo na mawasiliano ya uhakika. Novemba hiyohiyo ya 1917, Theodor Tafel, aliyeongoza kikosi kingine cha Wajerumani, alikuwa akishuka kusini kuungana na Lettow-Vorbeck. Hawakukutana. Tafel alifika upande wa Newala chakula kimekwisha, na tarehe 28, siku tatu baada ya mwenzake kuvuka Ruvuma, akajisalimisha.