Kabla ya kubishana Flutter au Kotlin, uliza apu inagusa nini kwenye simu

Mama mweka hazina wa kikoba alinipigia Jumapili jioni. Hata shikamoo yangu hakuipokea. "Mwanangu, hiyo shilingi moja imekwenda wapi?"

Ilikuwa 2019. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumewatengenezea apu ya kutunza michango: ya Android niliandika mimi kwa Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, ya iPhone akaandika yeye kwa Swift, lugha ya Apple. Siku ya kugawana faida, wanachama wawili wenye hisa sawa, waliokaa mkeka mmoja, wakalinganisha simu. Mwenye Android aliona gawio lake ni 84,334. Mwenye iPhone akaona 84,333. Kikao kikasimama kwa muda wa karibu saa mbili, na mama wa watu akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Gawio halisi lilikuwa na theluthi mbili za shilingi juu yake. Mimi niliifanya shilingi nzima, mwenzangu akaikata. Hesabu ileile iliandikwa mara mbili na watu wawili, na hatukuwahi kukaa tukakubaliana juu ya jambo dogo kama hilo. Apu yenyewe ilikuwa fomu tano na orodha tatu, na kwenye simu haikugusa chochote zaidi ya intaneti. Flutter, zana ya Google ya kuandika apu moja ikaenda Android na iPhone, ilishatoka toleo la 1.0 tangu Desemba 2018. Tungeandika mara moja tukapata apu mbili. Tuliogopa ugeni wake. Na nikiri tu, kijiweni kwetu mtu wa netivu, anayeandika kwa lugha ya simu yenyewe kama Kotlin au Swift, ndiye aliyeonekana fundi.

Baada ya aibu ile nikawa shabiki wa Flutter kupindukia. Kila kazi, Flutter. Mteja hajamaliza kueleza shida yake, mimi nimeshafungua mradi.

Ndipo 2021 ikaja kazi ya vifurushi vya mabasi. Wakala pale stendi ya Mbezi anajaza jina la mpokeaji, uzito na nauli, kisha printa ndogo ya Bluetooth inatoa risiti mbili: moja ya mteja, nyingine inabandikwa kwenye mzigo. Skrini zote nilizimaliza kwa wiki mbili. Printa niliiunganisha kwa plagini, kipande cha msimbo kilichoandikwa na mtu mwingine, ya bure niliyoiokota mtandaoni. Ilichapa papo hapo kwenye jaribio la kwanza, nikashangilia, sikuifungua hata mara moja kuona ndani imeandikwaje.

Mwaka huohuo ikatoka Android 12 na ruhusa mpya: apu inayotaka kuzungumza na kifaa cha Bluetooth sharti imwombe mwenye simu BLUETOOTH_CONNECT. Zamani ruhusa ya Bluetooth ilipita kimyakimya wakati wa kusakinisha. Apu zilizolenga matoleo ya nyuma zilivumiliwa, mpaka Google Play walipoweka mpaka: kuanzia Novemba 2022, sasisho lilenge Android 12 au zaidi. Nikabadilisha namba moja, ya toleo linalolengwa, kwenye faili la Gradle lenye mipangilio ya kujenga apu, nikajaribu kwenye simu yangu, ikachapa, nikapandisha, nikalala. Asubuhi, kila wakala mwenye simu mpya akibonyeza "Chapa", apu inajifunga. Simu yangu ya majaribio ilikuwa Android 10, ambayo ruhusa ile haiijui kabisa. Siku tatu mizigo iliandikwa kwa maki peni.

Mwenye plagini alikuwa hajaigusa kwa zaidi ya mwaka. Nikaishia kuandika mwenyewe mistari kama mia mbili ya Kotlin: kuomba ruhusa, kufungua soketi (njia ya mawasiliano na printa), kuisukumia printa amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti, halafu nikaiunganisha na upande wa Dart, lugha ya Flutter, kupitia MethodChannel, daraja kati ya Flutter na netivu. Kwa maneno mengine, Kotlin niliyoikimbia ndiyo iliyonitoa.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Mawakala wote wa kampuni ile walitumia Android. iPhone pekee niliyoiona ofisini ilikuwa ya mkurugenzi, naye risiti hachapi. Nilibeba gharama za msimbo mmoja kwa simu aina mbili, wakati aina ya pili haikuwa na mtumiaji. Kazi ile ilitakiwa kuwa ya Kotlin tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo siku hizi naanza na watumiaji wana simu gani mkononi, kisha apu itagusa nini ndani ya simu hizo. Fomu, orodha, picha, malipo yanayopitia seva: andika mara moja, Flutter au React Native inayofanya kazi hiyohiyo, kutegemea kama mkono wako umezoea Dart au JavaScript. Lakini ukisikia printa, mashine ya Bluetooth, au kufuatilia bodaboda simu ikiwa mfukoni skrini imezimwa, jua utaandika netivu tu, iwe yote au kipande. Kama kwenye timu hakuna anayeweza kuisoma Kotlin, usimwahidi mteja tarehe. Kile kipande kigumu kifanye kwanza, kabla ya skrini ya kuingilia, kabla ya nembo na rangi, na ukijaribie kwenye simu za watumiaji wenyewe. Simu nyingi za bei nafuu huua apu zilizo nyuma ili kutunza chaji, jambo ambalo simu yako nzuri haitakuonyesha.

Kuna njia ya katikati pia. Kotlin Multiplatform, iliyotangazwa imara Novemba 2023, inakuruhusu kuandika hesabu mara moja na skrini ukaziacha kila upande na zake. Kwa kikoba kile, na watu wawili tuliojua kazi, ingetufaa sana.

Wanaoanza husahau jambo hili: Flutter haikuondolei Mac. Kujenga apu ya iPhone kunahitaji Xcode, programu ya Apple ya kujengea apu, nayo inakaa kwenye kompyuta ya Mac tu. Utaikodi au utaiazima, lakini utaitafuta. Ili kuweka apu dukani, Apple wanataka dola 99 kila mwaka, Google Play dola 25 mara moja. Viweke kwenye bei mapema, maana mteja akishalipa hataki kusikia.

Wiki iliyopita kaja mteja anayetaka wahudumu wake wasome kadi za wanachama kwa NFC, yaani kwa kuisogeza kadi karibu na simu. Sijafungua mradi wowote. Nimemwomba aniletee kadi tatu na simu mbili za wahudumu wake. Kadi ameleta. Simu bado.