Mstari Alioupigia Mama Penseli

Mwanangu wa Tanga,

Umeniandikia kwamba, miezi minne baada ya kumzika mama yako, ulikikuta kitabu chake cha Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama anayemwusia bintiye, sandukuni, chini ya kanga, na katika ukurasa wa mwanzo ameyapigia mstari maneno haya: "sikupata kutamka neno lema kukwambia." Kwa kuwa mwaka 2016 wote hamkusemezana, unaamini kwamba hiyo ni lawama aliyokuachia, na unaniuliza uifute alama ile au ukifiche kitabu ndugu zako wasikione.

Usifanye lolote kati ya hayo. Wewe mwenyewe umenitajia, kama jambo dogo tu, kwamba pembeni pameandikwa kwa penseli ileile: "Juni 1994". Kwa umri ulionipa, wakati huo ulikuwa darasa la pili, na ndio mwaka ambao bibi yako alilala kwenu akiuguzwa na mama yako. Ugomvi wa 2016 ungeandikwaje pale? Nionavyo mimi, siku ile mama yako alikuwa akisoma kama binti, amekaa kando ya mgonjwa akisubiri kuambiwa jambo.

Tena usiukate mstari huo ukaubeba peke yake. Mwana Kupona aliutunga utendi huu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye akiwa mgonjwa; anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, hakupata kutamka neno lema (sisi tungesema jema), na ubeti unaofuata anamwita binti aje mbele na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana hadithi. Beti nyingi zinazofuata ndizo maneno yale aliyokuwa hajayatamka. Baadhi yake, zile za kumtii mume, mimi huzisoma huku nimekunja uso, lakini hilo hukuniuliza.

Kitabu kiache kilivyo. Nunua daftari, nakili mstari huo, uandike tarehe ya leo na kilichokupita moyoni ulipousoma, hata ikiwa ni hofu hiyohiyo ya lawama. Kisha mpelekee mama yako mdogo kitabu chenyewe, maana umesema alikuwapo nyumbani wakati ule, umwonyeshe ile tarehe na umwulize bibi alikuwa katika hali gani Juni hiyo, na kama aliwahi kuwaita binti zake akawaambia neno. Atakalokujibu liandike katika daftari lako, chini ya mstari uleule.

Shangazi yako