Trauti hawajahama, wameshuka

Mkuu, umesema umekaa siku mbili kwenye bwawa la milimani: alfajiri unawaona trauti, hao samaki wa maji baridi, wakivunja maji kila upande, jua likipanda kimya, hata chambo hakiguswi. Unauliza kama wamehama au chambo ndicho kibaya. Mimi nilipoteza misimu miwili nikibadili chambo, mpaka siku nilipofunga kipimajoto kwenye kamba yenye chubwi, kile kizito cha kuizamisha.

Juu kilisoma nyuzi 20 za Selsiasi. Nikakishusha mita tano, nikasubiri, nikakivuta upesi: 18. Mita nane: 12. Ndani ya mita tatu tu, maji ya kuogea yamegeuka ya kufa ganzi vidole! Jua likipasha maji ya juu, yanakuwa mepesi na kuelea juu ya yale mazito ya baridi bila kuchanganyika nayo. Trauti hula vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 16 hivi. Zikipita 20 anataabika, kwa kuwa maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Lakini usikimbilie sakafuni. Huko chini majani na matope yanayooza hula oksijeni, na hakuna upepo wa kuirudisha. Kwa hiyo anajibana hapo katikati, na wewe mchana kutwa unarusha juu ya kichwa chake.

Alfajiri nenda pale kijito kinapoingia bwawani. Maji yake huwa baridi, yana hewa, yanaleta wadudu. Usisimame ukingoni kama mlingoti, anakuona kabla hujamwona. Chuchumaa nyuma kidogo. Na tulia mahali pamoja. Bwawani hakuna mkondo wa kumletea chakula, hivyo yeye ndiye anayezunguka kukitafuta, na akipita mara moja hurudi.

Jua likipanda, tumia kijiko, kile chambo cha bati kinachong'aa. Kirushe, acha kizame huku unahesabu. Hesabu kumi, vuta polepole. Hakuna kitu? Kumi na tano. Ishirini. Ukiguswa, shika namba hiyo hiyo kila unaporusha. Siku moja yangu ilikuwa kumi na nane: nilipata watatu, na kwenye kumi na mbili sikupata hata mmoja.

Kuhusu kuwarudisha majini: lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unamvua ute unaomkinga na magonjwa, na mng'oe ndoano akiwa bado majini. Ila maji ya juu yakiwa ya moto hivyo, kumrudisha ni kujifariji. Amechoka kwa kupigana, kisha unamwachia kwenye maji yasiyo na hewa ya kumtosha. Mimi huchukua wa kula ndani ya idadi inayoruhusiwa na kibali cha kuvua, kisha naacha kuvua.

Umeuliza pia familia ifanye nini mchana. Tembeeni, lakini juu ya alama ya maji yalipokuwa yamejaa. Bwawa likishuka huacha ukanda wa udongo unaoonekana mkavu. Mwanangu alikanyaga, akazama hadi magotini. Tulimtoa, kiatu kimoja kikabaki huko mpaka leo. Mkikodi mtumbwi, jaketi ya kuokolea ivaliwe, isikaliwe kama mto: ukianguka kwenye maji baridi pumzi hukatika ghafla, hata kama unajua kuogelea. Kaeni mbali na maboya yaliyozungushwa karibu na ukuta na mlango wa maji. Na milimani radi hupenda kuja alasiri. Wingu likianza kurundikana juu ya vilele, rudini nchi kavu kabla ya ngurumo ya kwanza, kwa sababu fimbo ndefu ya kuvulia katikati ya maji ndiyo kitu kilichosimama juu kuliko vyote.

Fimbo ya kuvulia uliyosema unayo inatosha kabisa. Hela ya fimbo mpya nunua kipimajoto na kamba ya mita kumi na tano, ifunge fundo kila mita.