Silinda hedi ya aluminiamu usiiloweke kwenye kostiki

Ndugu, umeuliza kama silinda hedi (kichwa cha injini) na pistoni zenye grisi zinaweza kulala kwenye pipa la kostiki soda, ile kemikali kali ya kuondoa grisi. Kama ni za aluminiamu, usithubutu! Kostiki huila aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Niliwahi kutumbukiza kifuniko kimoja. Maji yakafoka mapovu, kikatoka cheusi, kina vishimo kama kimeliwa na mchwa. Hizo za aluminiamu zisugue kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto. Pipa liachie vyuma, na hata hivyo kwangua kwanza grisi nene. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Glavu na miwani ni lazima. Ukishasuuza, kausha na upake oili papo hapo, maana chuma kitupu hushika kutu upesi mno.