Bolingi ni spoti au burudani? Mimi naanzia kwenye mafuta

Dada mleta mada, umeeleza kwamba mpwa wako anayefanya kazi Nairobi hutumia sehemu ya mshahara wake kwenye ligi ya bolingi, ule mchezo wa ukumbini wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini kumi, na kwamba nyumbani Nyamanoro, hapa Mwanza, mlimcheka alipojiita mwanamichezo. Wachangiaji wawili walionitangulia wamekwisha kuhukumu kwamba mchezo unaoweza kuchezwa huku soda ikimsubiri mtu mezani, bila jasho kumtoka, ni burudani tu. Mimi ni mkazi wa Igoma, na kabla ya kurudi huku nilikaa Nairobi miezi minane kwa mafunzo ya kazi, nikicheza bolingi karibu kila juma. Nilianza nikiwa na msimamo huohuo wa wachangiaji hao, kwa hiyo naomba nieleze kilichoniondoa huko.

Kwanza niseme kwamba sehemu ya ubishi huu inatokana na lugha yetu. Mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo anacheza, na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, nalo linasimamia michezo. Neno ni lilelile, na ndiyo maana hata wewe ulilazimika kuazima "spoti" ili ueleweke.

Kuhusu jasho, tufe zito kuliko yote linaloruhusiwa katika bolingi lina kilo 7.26, ambao ndio uzito wa tufe la wanaume katika riadha. Katika mashindano ya michezo sita kwa siku mchezaji huweza kulirusha mara mia hivi, maana yake mkono mmoja umepitisha uzito wa magunia saba ya mpunga, ingawa kwa vipande vya kilo saba saba. Hata hivyo sitaki hoja yangu isimame juu ya jasho, kwa sababu wachukuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba, hutoka jasho kuliko mshambuliaji yeyote wa mpira wa miguu, wala hatujawahi kuwaita wanamichezo.

Kilichonibadilisha ni mafuta. Mtazamaji haoni kwamba ile njia ya mbao, yenye urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza na upana unaozidi mita moja kidogo tu, hupakwa mafuta membamba katika takriban mita 12 za mwanzo, na sehemu iliyobaki huachwa kavu. Mchezaji mzuri hulizungusha tufe anapoliachia. Likiwa kwenye mafuta linateleza, likifika pakavu linashika na kupinda kuelekea pini. Anataka lipinde kwa sababu tufe lililonyooka huingia kwenye pini kwa pembe ndogo mno na mara nyingi huacha moja au mbili zimesimama, ilhali linaloingia kwa pembe ya nyuzi kama 6, kati ya pini ya kwanza na ya tatu kwa anayetumia mkono wa kulia, lina nafasi kubwa zaidi ya kuziangusha zote kumi.

Sasa, siku za kawaida wenye ukumbi hupaka mafuta mengi katikati na machache pembeni, na mpako huo humbeba mteja bila yeye kujua. Ukikosea ukalipeleka tufe nje, linakuta pakavu mapema na kurudi lenyewe. Ukikosea ukalipeleka ndani, mafuta mengi yanalizuia lisipinde kupita kiasi. Kwa msaada huo nilifikisha alama 163 katika mwezi wangu wa tatu wa kucheza (za juu kabisa ni 300, na huhitaji mtu aangushe pini zote kwa tufe la kwanza mara 12 mfululizo), nikaanza kujiona fundi. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mitambo ya ukumbi ule akanialika usiku wa ligi, baada ya njia kupakwa mafuta karibu sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipata 94. Matufe niliyoyarusha vilevile kama siku zote yaliishia mfereji wa pembeni au yalipita mbele ya pini ya kwanza, na kila nilipodhani nimepata mahali pa kulenga, mafuta yalikuwa yamekwisha kusogezwa na matufe ya waliotangulia, ikanibidi nianze kukisia upya. Watu wa ligi walikuwa wakihamisha shabaha yao kwa ubao mmoja au mbao mbili za njia kila baada ya mizunguko michache, wakisoma kitu ambacho macho yangu hayakukiona kabisa.

Sisi wa ziwani hatupaswi kulishangaa jambo hili. Mtu wa Ukerewe anayepiga kasia alfajiri kwenda kutazama nyavu zake na yule anayepiga kasia katika mashindano ya mitumbwi wanaweza kukalia chombo cha aina moja na kushika kasia la mti mmoja, lakini hakuna atakayesema wanafanya kazi moja.

Hoja kwamba bolingi si spoti kwa kuwa haimo katika Olimpiki nadhani tuiweke kando. Ni kweli bolingi ilionyeshwa tu Seoul mwaka 1988 na haijawahi kutolewa medali huko, lakini kuvuta kamba kulikuwa na medali hadi mwaka 1920 kisha kukaondolewa, na watumishi wetu wanaoshindana katika SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, bado wanakuvuta kwa mazoezi na nidhamu kamili.

Wala siwakatalii wachangiaji kwamba wengi wa wanaoingia ukumbini ni watu wa sherehe za kuzaliwa, na watoto ambao huinuliwa vizuizi vya pembeni ili tufe lisitumbukie mferejini. Hao wanaburudika, na pesa yao ndiyo inayolipia taa na mitambo ya watu wa ligi. Kwa hiyo mpwa wako akija Mwanza kwa mapumziko ya Desemba, dada yangu, msimwulize amefikisha alama ngapi. Mwulizeni alizipata kwenye mafuta ya namna gani. Akianza kuwachorea njia kwenye karatasi, mwacheni ajiite mwanamichezo.